Shajara ya madaraja ya vijiti: shule mbili za kata, Mwanza

Shajara hii ni ya mradi wetu wa kuwavuta wanafunzi wachague Fizikia kwa kujenga madaraja ya vijiti, na imeandikwa ili mradi unakiliwe. Tuko watatu: mimi ni mwanamke, mhandisi wa barabara, mwaka wa 11 kazini, mwenzangu mmoja ni fundi wa kuchomelea mwenye karakana Nyakato, wa tatu ni binti, fundi sanifu wa umeme, yaani mwenye stashahada. Shule nimeziita A na B. A iko upande wa mjini, B iko ng'ambo ya ghuba, ukivuka Kigongo kwenda Busisi. Bei ni za Mwanza, kwa shilingi, za siku tuliyonunua. Pesa zilizopotea kwa ujinga wangu nimeziandika pia.

17 Februari 2024: Hesabu moja, barua mbili

Mwalimu wa Fizikia wa Shule A, niliyesoma naye sekondari, alinipigia kunijulia hali, salamu zikageuka malalamiko. Januari hii wanafunzi 142 wameingia kidato cha tatu shuleni kwake. Waliochagua Fizikia ni 31. Wasichana kati yao ni 7.

Kwa asiyejua utaratibu wetu wa 2024: Fizikia ni ya lazima hadi kidato cha pili. Ukifika cha tatu unaruhusiwa kuiacha, na wengi huitua kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Hakuna anayewaambia kwamba siku hiyo wameufunga mlango wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati za kidato cha tano na sita) na wa stashahada nyingi za uhandisi, nao wana miaka 15 au 16.

Basi lengo letu tumeliandika hivi: Januari 2025, waliochagua Fizikia wawe zaidi ya 31 na wasichana zaidi ya 7. Sikutaka kuandika "kuhamasisha vijana". Neno hilo halina mahali pa kushikia, unaweza kuhamasisha mwaka mzima na usijue kama umefanya chochote.

Kosa la kwanza tumelifanya kabla ya kuanza. Barua nilimpelekea mkuu wa shule moja kwa moja. Akanipokea vizuri, akaniagizia chai, kisha akaniambia hana mamlaka ya kuniingiza darasani. Barua inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kwa usikivu wa Afisa Elimu Sekondari, naye ndiye anaiteremsha shuleni. Barua ya pili ilichukua wiki tano. Ukinakili, weka mambo haya ndani yake tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo waliyoniuliza: tarehe na vipindi, kidato gani, hakuna mchango wa fedha kwa mwanafunzi, na hakuna picha za watoto zitakazopigwa.

26 Machi 2024: Shule A, hotuba

Niliandaa slaidi 34. Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115. Daraja la Kigamboni, mita 680. Reli ya SGR. Tulipofika, mkuu wa shule alimpa fundi mkono kwanza: "Karibu sana, Injinia." Fundi akacheka, akanionyesha mimi kwa kidevu. Hili limetutokea mara tatu hadi sasa, fundi ameshalizoea na ameanza kulifurahia.

Umeme ulikatika kwenye slaidi ya sita. Nikaendelea kwa mdomo dakika 50. Niliuliza nani anataka kuwa injinia, mikono yote ikapanda, ikiwemo ya waliokuwa wamelala. Kijana wa nyuma akauliza: "Madamu, mtu akianza kazi anaanza na shilingi ngapi?" Nikazunguka mbuyu. Nilisema inategemea, nikasema cha muhimu ni wito. Niliona macho yake yakiniacha palepale.

Jambo moja tulilifanya sawasawa. Kabla ya kuondoka tuligawa karatasi, kila mmoja aandike sentensi moja tu: mhandisi anafanya nini? Zilirudi 118. Zaidi ya nusu ziliandika "anajenga nyumba". Nyingine "anasimamia mafundi". Moja, mwandiko mdogo wa kulala upande, iliandika: "Mhandisi ni mtu anayekuja na gari nyeupe halafu anaondoka."

Niliisoma mara kadhaa. Siku hiyo nilikuwa nimekuja na gari nyeupe.

Gharama: projekta ya kukodi 40,000, mafuta 35,000, kuchapa 12,000. Jumla 87,000. Faida ni zile karatasi 118.

11 Mei 2024: Tambi

Sitazunguka: hii ndiyo siku ninayoionea aibu.

Vyuoni huko Ulaya na Marekani wanafunzi hushindana kujenga madaraja ya tambi, nami niliona video nyingi. Nikanunua pakiti 20 za nusu kilo, 44,000, na gundi ya kukausha haraka ya 15,000. Watoto wawili walinata vidole, tukawabandua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na uvumilivu. Hilo lilikuwa dogo.

Kubwa ni kwamba Shule A, kama shule nyingi za kata, si wote wanaokula mchana. Saa saba nikiwa nazungukia vikundi, binti mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama wakimaliza kupima anaweza kwenda nazo nyumbani. Tambi zilikuwa tayari zimepakwa gundi. Sikuwa na jibu. Mwalimu hakuniambia kitu, lakini nilijua alikuwa ameona kabla yangu.

Tuliyaacha madaraja tisa stoo yakauke. Asubuhi panya walikuwa wamekula mawili na yaliyobaki yalikuwa yamelegea kwa unyevu. Hata bila lile swali, tambi hazifai kando ya ziwa.

Kanuni tuliyojiwekea: chakula hakiingii kwenye mradi huu kama kifaa. Anayetaka kunakili aanzie hapa, asipitie nilikopita.

20 Julai 2024: Vijiti, uzi wa nyavu, na kenchi

Baada ya likizo ya Juni tulirudi na vijiti vya mishikaki, vile vya mianzi vya sentimita 30. Kidato cha pili chote, wanafunzi 137, vikundi 23. Kila kikundi vijiti 70, nafasi ya kuvuka sentimita 50 kati ya madawati mawili.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuunganisha. Gundi ya mbao haikauki ndani ya dakika 80 za vipindi viwili. Raba zinavutika, daraja linacheza kama chandarua. Tulikaa hapo nusu saa nzima bila maendeleo, nami nilishaanza kufikiria jinsi ya kuahirisha. Kisha binti mmoja akatoa mfukoni kipande cha uzi wa nailoni. Mama yake anashona nyavu mwaloni, pale wavuvi wanapotua, na uzi kwao hauishi hata kwenye mifuko ya sare. Akafunga makutano ya vijiti viwili kwa kuuvusha kama msalaba mara nne, akakaza, akauunguza ncha kwa kiberiti ili fundo lisifumuke. Nailoni huteleza, fundo la kawaida linafunguka lenyewe. La wavuvi halifunguki. Nilijaribu kulifunga mimi nikashindwa mara mbili, darasa zima likaangalia. Nadhani nusu ya kazi ya siku hiyo ilifanyika katika dakika ile.

Kukata: mkasi unapasua mwanzi. Tulinunua bleidi 12 za msumeno wa chuma, fundi akazivunja nusu kwa nusu na kuzizungushia utepe wa umeme upande wa kushika. Zikawa 24, tukabaki na moja ya akiba.

Madaraja ya kwanza yote yalikuwa ya mistatili. Yote, vikundi 23. Yanapendeza, yananyooka, yanafanana na ngazi iliyolazwa. Yakaanguka kwa kilo mbili, tatu. Hayakuvunjika: yalipinda kando na kulala. Nilikuwa nimeapa kutosema neno "pembetatu", na nililishika kwa shida. Badala yangu alisema fundi. Alifunga vijiti vinne vikawa fremu, akaisukuma kwenye kona kwa kidole, ikalala. Akaongeza kijiti kimoja cha mshazari, akamwita kijana mwenye misuli asukume. Haikulala. Kisha akanyoosha kidole juu bila kusema kitu.

Darasa halina dari ya kuficha. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na kenchi za mbao, fremu zinazobeba paa, pembetatu baada ya pembetatu, kutoka ukuta hadi ukuta, na walikuwa wamekaa chini yake mwaka mmoja na nusu. Kelele zilizofuata zilimleta mwalimu wa zamu.

Kupima: ndoo ya lita kumi ikining'inia katikati, na maji, kwa sababu lita moja ni kilo moja na hatuhitaji mizani. Hesabu nzuri, utekelezaji mbaya. Daraja la kwanza kuvunjika lilimwaga lita sita kwenye lundo la karatasi za majaribio ya kidato cha kwanza yaliyokuwa sakafuni kando ya meza ya mwalimu. Tuliyaanika kwenye uzio kama dagaa. Tena nilisahau kwamba ndoo tupu nayo ina uzito. Kuanzia hapo tunatumia mchanga mkavu: tulijaza chupa ya nusu lita, tukaipeleka duka la nafaka jirani ikapimwe, mchanga peke yake ukatoka kama gramu 800. Chini ya ndoo tunaweka gunia.

Mchanga ukatuletea tatizo ambalo sikulitarajia. Kikundi bora kilibeba chupa 18. Nikawaambia wapige 18 mara 0.8. Ubaoni ikaandikwa 144. Kilo 144, juu ya vijiti vya mishikaki. Hakuna aliyeshtuka. Basi nikamwomba fundi apande juu ya daraja, maana yeye hafiki hata 80. Hapo wakaanza kuangaliana. Msichana mmoja akasema polepole, "Nukta imepotea." Kilo 14.4. Tangu siku hiyo kila jibu linapita kwenye swali moja: fundi anaweza kupanda? Nawashauri mtafute swali la namna hiyo mapema, kwa sababu Hisabati ndiyo inayowatoa wengi kwenye Fizikia, na nukta hii inapotea kila mahali.

Gharama: vijiti pakiti 17 kwa 3,000, yaani 51,000, uzi mizungusho 4 kwa 5,000, yaani 20,000, bleidi 24,000. Jumla 95,000, kama shilingi 700 kwa mwanafunzi. Bleidi na sehemu ya uzi vinabaki kwa mara inayofuata.

Yule kijana wa swali la mshahara alikuwepo. Safari hii nilimjibu: mwaka 2013 nilianza na laki sita na nusu, chumba nililipa elfu arobaini kwa mwezi, na miezi miwili ya kwanza mwajiri alichelewesha. Akaandika kwenye daftari. Sijui ameandika nini.

10 Agosti 2024: Nani ameshika msumeno

Nilipitia maelezo yangu ya Julai. Vikundi vya mchanganyiko vilikuwa 18. Katika 17 aliyeshika msumeno muda mwingi alikuwa mvulana, na msichana alikuwa "katibu", anaandika idadi ya vijiti kwa mwandiko mzuri. Yule binti wa uzi alikuwa kwenye kikundi cha wasichana watupu. Nimejiuliza kama angeutoa uzi wake mfukoni kwingineko.

Jaribio la kwanza: nilitangaza kila msichana lazima akate. Kila mmoja alikata kijiti kimoja huku wote wakimwangalia, akarudisha msumeno na kurudi kwenye daftari. Nilichofanya ni kuwatia aibu hadharani.

Jaribio la pili: kengele kila dakika 15, kazi zinabadilishwa. Afadhali. Lakini niliona wavulana wakikata upya walichokata wasichana, hata kilipokuwa sawa.

Jaribio la tatu: wiki mbili vikundi vya wasichana peke yao na vya wavulana peke yao, kisha kuchanganya tena, kila mtu akiwa tayari ameshajenga daraja lake likabeba. Hili limefanya kazi. Katika vikundi vilivyochanganywa upya ugomvi wa msumeno uliongezeka, na mimi nahesabu ugomvi huo kama maendeleo. Mwalimu mmoja wa malezi alinipinga: alisema tunawatenga watoto wanaosoma pamoja. Hoja yake naielewa na bado inanisumbua kidogo. Lakini nimeona mikono.

Kosa jingine ni la saa. Klabu ya madaraja tuliiweka saa tisa na nusu, baada ya vipindi. Wiki ya tatu wasichana walikuwa wamebaki sita. Tulidhani wamechoka na madaraja, kumbe saa hiyo wanachota maji au wako mwaloni wanawasaidia mama zao na dagaa. Tukaomba kipindi cha klabu cha Ijumaa, ndani ya ratiba. Wakarudi.

14 Septemba 2024: Shule B

Kwa ufupi, kwa kuwa hakuna cha kujivunia. Foleni ya kivuko ilitufanya tufike saa sita badala ya saa tatu, tukabaki na dakika 40. Wanafunzi wa B wanajua habari za madaraja kuliko sisi: miaka minne wameliona la Kigongo na Busisi likiota majini nguzo moja moja, wanajua ni lini mtambo gani umehamishwa. Tulipata dakika 40 tamu sana, tukaacha vifaa vya vikundi 16.

Tuliporudi wiki tatu baadaye maboksi yalikuwa stoo, utepe haujakatwa. Hakuna wa kulaumiwa. Fizikia inafundishwa na mwalimu mmoja wa kujitolea, ambaye anafundisha Kemia pia, na hakuwepo siku tuliyokuja kwanza. Tulimletea maboksi mtu ambaye hatukuwahi kumwuliza. Vifaa bila mwalimu wa ndani ni pikiniki.

5 Oktoba 2024: Daraja lingine

Kiswahili chetu kina utani wake. Miezi saba nimezungumza na watoto kuhusu daraja, na wazazi wao walikuwa wanaogopa daraja jingine kabisa: lile la matokeo ya kidato cha nne. La kwanza, la pili, hadi sifuri.

Tulipewa nafasi kwenye mkutano wa wazazi Shule A. Nilianza kwa "Mwadila", salamu ya Kisukuma, wakaitikia kwa furaha, na hapo ndipo furaha ilipoishia. Nilieleza umuhimu wa wahandisi kwa taifa. Walinisikiliza kwa adabu, mikono magotini. Mama mmoja akasimama: "Mwanangu, hilo daraja tunaliona. Sisi tunauliza nauli ya kwenda huko chuoni." Mzee mmoja akafuata: mtoto akisoma Fizikia akafeli, si anashushwa daraja? Nilitazama upande wa walimu. Wawili walitazama chini. Baadaye mmoja alikiri kwamba huwashauri watoto waache Fizikia ili matokeo ya shule yasiharibike.

Nikaacha taifa, nikashika chaki. Daraja la matokeo hukokotolewa kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Mwenye masomo tisa akianguka kwenye Fizikia, anabaki na masomo manane ya kuchagulia saba. Si kwamba hakuna hatari. Mtoto ana saa zake, na zinazokwenda kwenye Fizikia haziendi kwenye Kiswahili. Lakini "Fizikia itamshusha" si lazima iwe kweli. Walimu wawili waliandika hilo nao.

Kisha njia, nikazichora kama barabara zinazogawanyika. Moja: kidato cha tano na sita kwa PCM, halafu shahada ya miaka minne, halafu miaka mitatu ya kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kukutambua kama mhandisi mtaalamu. Ni ndefu, na nilitaja urefu wake wote. Ya pili: ukimaliza kidato cha nne unaingia stashahada ya miaka mitatu, kwenye vyuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha au MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), unatoka fundi sanifu na ukipenda unaendelea na shahada. Ya tatu: VETA, vyuo vya ufundi stadi. Nikaeleza kwamba ada imeondolewa hadi kidato cha sita, na kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele. Godoro, nauli na michango bado ni vya mzazi. Nisingelisema hilo, yule mama angelisema yeye.

Lakini aliyewageuza hakuwa mimi. Ni mwenzetu fundi sanifu. Alisimama akazungumza Kisukuma nusu, Kiswahili nusu: alisoma shule ya kata, kidato cha nne alipata daraja la tatu, akaenda stashahada, sasa anapanda nguzo na kufunga transfoma. Baba mmoja akauliza mumewe anasemaje. "Mume bado," akasema, "ila nyumba ya mama nimeezeka." Ukumbi ukalipuka. Baada ya hapo maswali yote yalikwenda kwake, na mimi nikakaa.

Tulikosea kumleta Oktoba. Angekuja Machi badala ya slaidi zangu 34. Watoto na wazazi wanawajua mafundi. Kati ya fundi na mhandisi wanaona pengo tupu, na kumbe katikati pana fundi sanifu, na ndiye anayefikika.

Gharama: soda na maandazi 68,000. Ndiyo pesa iliyofanya kazi kuliko zote.

25 Januari 2025: Matokeo

Shule A: walioingia kidato cha tatu 129. Waliochagua Fizikia 47, wasichana 17. Mwaka jana ilikuwa 31 na 7 kati ya 142.

Shule B: 20 kati ya 101. Mwaka jana 19 kati ya 96. Yaani hakuna kitu.

Kabla mtu hajapiga makofi: mkuu wa Shule A mwenyewe alitangaza mstarini Novemba kwamba hakuna atakayeshauriwa kuacha sayansi kwa ajili ya matokeo ya shule. Siwezi kutenganisha kauli yake na vijiti vyetu. Pengine tangazo hilo limefanya zaidi, na pengine lilitokana na mkutano wa Oktoba. Watano kati ya 47 walishaomba kuiacha wiki ya pili, wote kwa Hisabati. Watatu mwalimu amewabakiza kwa maneno, wawili wameondoka.

Tumetumia jumla 486,000 kwa miezi kumi na moja, bila kuhesabu siku zetu. Kati ya hizo, 146,000 ni za slaidi na tambi.

17 Mei 2025: Shule B, kwa mlango wa mbele

Shule B imepata mwalimu wa Fizikia wa kuajiriwa, msichana mgeni Mwanza. Safari hii hatukupeleka boksi. Tulimlipia nauli aje Shule A Ijumaa mbili, akae nyuma, ajenge daraja lake na kikundi cha watoto. La kwanza lilianguka kwa kilo tatu, akacheka kuliko wote. Akarudi kwao akafungua maboksi ya Septemba mwenyewe. Uzi ulikuwa sawa, nusu ya vijiti ilikuwa na dumuzi.

Nauli na chakula chake: 44,000. Vijiti vipya: 24,000. Kipindi cha kwanza alikiendesha bila sisi. Tulipata habari kwa ujumbe wa simu: "Kilo 11.2. Fundi hawezi kupanda."

12 Julai 2025: Ng'ambo

Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa rasmi 19 Juni, kilomita tatu juu ya maji. Jana asubuhi tulivuka kwa dakika chache. Fundi alitaka tusimame katikati aangalie maungio, nikamkatalia, akaangalia kwa dirisha na kichwa nje kama mtoto.

Nilifikiri Shule B watataka kuzungumzia daraja. Hawakutaka. Wameshalizoea, ni njia tu. Msichana wa kidato cha pili alisimama: zamani magari yalikaa foleni ya kivuko, mama yake aliwauzia abiria samaki wa kukaanga na mahindi. Sasa hayasimami. "Madamu, mhandisi anafanya nini kuhusu hilo?"

Sikuzunguka mbuyu. Nilimwambia aliyechora daraja hakuulizwa swali hilo, na kwamba sina jibu. Nikawauliza wao mama zao wanauza nini kingine. Dagaa, wakasema, ila bei ni ndogo kwa sababu wanaanikwa chini na wana mchanga. Hapo tukaachana na vijiti. Mchana wote tulipima chanja ya kuanikia dagaa: urefu mita mbili, upana mita moja, kimo cha kiuno cha mama wa wastani, tukabishana sana mama wa wastani ni nani. Mirunda midogo 8 kwa 1,500, wavu wa plastiki mita 6 kwa 2,500, misumari 3,000. Jumla 30,000. Jioni, giza likiingia, mimi na fundi tuliimalizia wenyewe kwa haraka, mwalimu akatushikia tochi, watoto wakiwa wamesharudi makwao.

Asubuhi hii mwalimu amenitumia picha. Upepo wa usiku umeilaza chanja upande, mirunda yote mizima, misumari yote mahali pake. Miguu ni mistatili mitupu, hakuna mshazari hata mmoja. Chini ya picha ameandika kwamba kidato cha pili wameshaigundua kabla ya mstari wa asubuhi na wanaomba ruhusa ya kukata mirunda minne zaidi.